Kuzuia matangazo kwenye barua pepe: jibu kwa mwenye steshenari wa Mwanga, Kigoma

*Shikamoo, mtaalamu. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, yenye kompyuta mbili za Windows zinazotumia intaneti ya bando kupitia ruta ndogo. Wateja wengi hufungua barua pepe zao kwangu ili niwachapie barua za kuitwa kwenye usaili, risiti na fomu. Wengine wako Yahoo, wengine Gmail, wachache Outlook. Matangazo yamekuwa kero. Mengine yako pembeni, mengine yamekaa juu ya orodha ya barua kana kwamba nayo ni barua, na mengine huchomoza kwenye kona ya chini hata kama hakuna aliyefungua chochote. Juzi mteja alibonyeza mstari wa kwanza akidhani ndiyo barua ya usaili, akajikuta kwenye ukurasa wa mikopo. Kijana mmoja amenishauri nilipie huduma ili matangazo yaondoke. Mwingine anataka kuniwekea programu ya kuzuia aliyo nayo kwenye flashi. Nifuate ushauri wa nani? Na je, kuzuia matangazo si kosa?*

Marahaba. Kabla hujamruhusu yeyote kuchomeka flashi kwenye kompyuta zako, tambua kwanza kwamba matangazo uliyoyataja hayatoki mahali pamoja, na ndiyo maana dawa moja haitayamaliza. Yako yanayowekwa na mwenye huduma ya barua pepe kwenye ukurasa wake. Yako yanayokuja ndani ya barua zenyewe, yametumwa na wafanyabiashara ambao mteja aliwahi kuwapa anwani yake. Na yako hayo ya kona ya chini, ambayo hayahusiani hata kidogo na barua pepe, ingawa lawama huangukia Yahoo au Gmail kwa sababu ndiyo kurasa zilizokuwa wazi wakati yanachomoza.

Naanza na hayo ya kona kwa kuwa ndiyo mepesi kuyaondoa na ndiyo mara nyingi yenye hatari kubwa zaidi. Kivinjari huruhusu tovuti kutuma arifa kwenye kompyuta hata baada ya tovuti yenyewe kufungwa, mradi mtu aliwahi kubonyeza kitufe cha kukubali. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi, ambayo leo mmoja ametafuta mechi ya mpira na kesho mwingine amepakua filamu, hukusanya vibali vya namna hiyo kimyakimya, kwa sababu tovuti kadhaa za aina hiyo humdanganya mtu kwamba lazima akubali ndipo video ianze kucheza. Fungua mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa zote usizozitambua, halafu chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe hata kuomba kutuma arifa. Firefox ina orodha kama hiyo kwenye sehemu ya faragha na usalama, chini ya ruhusa, pamoja na kisanduku cha kuzuia maombi mapya. Steshenari haihitaji arifa za tovuti yoyote, kwa hiyo funga mlango huo moja kwa moja. Ikiwa baada ya hapo vitu bado vinachomoza, kagua orodha ya viendelezi vya kivinjari, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani yake, na orodha ya programu zilizowekwa kwenye Windows, uondoe usichokumbuka kukiweka.

Sasa tuje kwenye matangazo ya ukurasa, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Barua pepe ya bure imelipiwa na matangazo tangu mwanzo wake: Hotmail ilifunguliwa mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka uliofuata, na Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilileta nafasi ya gigabaiti 1, iliyoonekana kubwa mno kwa wakati huo, pamoja na matangazo yaliyochaguliwa kwa kompyuta kupitia maneno ya barua zenyewe. Mwaka 2017 Google ilitangaza kwamba itaacha kutumia maudhui ya barua kuchagua matangazo. Wengi walidhani maana yake ni kwamba matangazo yataondoka. La, yalibaki, ila yanachaguliwa kwa taarifa nyingine za mtumiaji.

Kwa Gmail kuna njia ambayo haihitaji programu yoyote, na nashangaa ni wachache wanaoijua. Matangazo ya Gmail hukaa hasa katika vichupo vya Promosheni na Jamii, vile vilivyoletwa mwaka 2013 ili kugawa barua kwa aina. Mara nyingi hukaa juu ya orodha, yakiwa na sura ya barua, huku yamebandikwa neno dogo la Ad au Sponsored ambalo macho ya mtu mwenye haraka huliruka. Ukivifunga vichupo hivyo, matangazo hayo hukosa pa kukaa. Kwenye kompyuta, bonyeza alama ya gurudumu la meno iliyo juu kulia, fungua mipangilio yote, nenda sehemu ya kikasha, ondoa tiki kwenye Promosheni na Jamii, kisha shuka hadi chini ukahifadhi. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika sana, na mtu hulalamika kwamba njia haifanyi kazi kumbe hakuhifadhi.

Gharama yake ni kwamba barua za maduka na mitandao ya kijamii, ambazo zilikuwa zikijitenga zenyewe, sasa zitaingia kwenye kikasha kikuu pamoja na barua za maana. Wapo wanaoshauri kutengeneza kichujio kinachokamata kila barua yenye neno «unsubscribe» (jiondoe) na kuiondoa kwenye kikasha. Kwa mtu anayetafuta kazi siupendi ushauri huo, kwa sababu taarifa halali kutoka tovuti za ajira nazo huweza kuwa na neno hilo mwishoni, na barua ya usaili iliyojificha ni hasara kubwa kuliko tangazo kumi. Ni afadhali mtu ajiondoe kwenye orodha za watumaji mmoja baada ya mwingine, jambo nitakalolirudia hapo chini. Kumbuka pia kwamba mpangilio huu unakaa kwenye akaunti, si kwenye kompyuta. Ukiufanya kwenye akaunti ya mteja unamfuata mpaka nyumbani, kwa hiyo usiuguse bila kumwomba ruhusa na kumweleza utabadilisha nini.

Yahoo na Outlook hazina mlango mwepesi kama huo. Yahoo huweka tangazo katika mstari wa juu wa orodha na mengine upande wa kulia. Outlook nayo hutumia ukingo wa kulia na sehemu ya juu ya orodha. Hapo ndipo kizuizi cha matangazo kinapohitajika, na ni vizuri ujue kinavyofanya kazi ili usiuziwe uongo. Ukurasa wa barua pepe haufiki kwako ukiwa kipande kimoja. Kivinjari hupokea maelekezo, kisha huenda kuchukua picha, herufi na programu ndogondogo kutoka seva mbalimbali, yaani kompyuta za mtandaoni zinazohifadhi vitu hivyo, zikiwamo za matangazo. Kizuizi kina orodha ndefu ya anwani na alama za matangazo, mojawapo ikiwa EasyList, iliyoanzishwa mwaka 2005 na bado inahudumiwa na watu wa kujitolea. Ombi likilingana na orodha halitumwi kabisa. Na kisanduku kilichobaki kitupu kwenye ukurasa hufichwa. Kwa kuwa ombi halikutumwa, bando lako nalo halikutumika kwa kitu hicho, na hiyo kwa mwenye steshenari ni faida ya pili.

Lakini angalia kinachofuata. Ili kiweze kuficha kitu kwenye ukurasa wa barua, kiendelezi cha namna hii kwa kawaida huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote unazofungua. Maana yake, kinaweza kusoma barua za wateja wako. Hii ndiyo sababu jibu langu kuhusu flashi ya kijana yule ni hapana, hata kama ni mtu wa nyumbani na nia yake ni njema, kwa kuwa hata yeye hawezi kujua kilichomo ndani ya faili alilopewa. Mwaka 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua vizuizi bandia vilivyokuwa ndani ya duka la viendelezi la Chrome lenyewe, vikiwa vimewekwa na watumiaji zaidi ya milioni 20 kwa jumla, na Google ikaviondoa. Mwaka 2020 kiendelezi kilichoitwa Nano Adblocker, ambacho kilikuwa kizuri na kinachoaminika, kiliuzwa kwa watu wengine, na wamiliki wapya wakaingiza humo programu ya kuchukua taarifa za watumiaji. Ikiwa dukani penyewe yametokea hayo, kwenye flashi hakuna hata wa kumlalamikia.

Ninachokushauri ni uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, ambayo ni ya bure, haiombi mchango, na programu yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua. Neno Origin ni la lazima: kipo kingine kinachoitwa uBlock tu, nacho ni cha watu wengine. Kiweke kwenye Firefox, ukikichukua kutoka ukurasa wa viendelezi wa Mozilla wenyewe. Naitaja Firefox kwa makusudi, kwa sababu Google ilibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin ilikuwa imezimwa humo. Kilichobaki kwa Chrome ni uBlock Origin Lite, ambayo humkabidhi kivinjari orodha ya sheria na kumwachia atekeleze. Hiyo Lite inatosha kwa matangazo mengi ya kawaida, ila haina uwezo wote wa ile kubwa, na kurasa za barua pepe ni miongoni mwa zile ambazo tofauti hiyo huweza kuonekana, kwa kuwa tangazo limefumwa katikati ya orodha ya barua. Kivinjari cha Brave nacho kina kizuizi chake cha ndani bila kuongeza chochote. Kama hupendi Firefox, nenda huko. Opera pia ina kizuizi, lakini hakikisha umekiwasha kwenye mipangilio.

Tangazo likikupita licha ya kizuizi, bonyeza alama ya uBlock Origin, chagua chombo chenye alama ya kidondoshea, elekeza kwenye tangazo, kisha kubali sheria inayopendekezwa. Fanya hivyo kwa uangalifu. Ukichagua kisanduku kikubwa kuliko tangazo, unaweza kuficha orodha nzima ya barua, na mteja atakuja juu akidhani barua zake zimefutwa. Zikipotea, fungua ukurasa wa sheria zako ndani ya mipangilio ya kiendelezi na ufute mstari wa mwisho.

Kuna jambo moja la steshenari ambalo maelekezo mengi ya kizuizi hayaligusi. Bila shaka wateja wako wanatumia, au wanapaswa kutumia, dirisha la faragha, ili wakiondoka akaunti zao zisibaki wazi kwa anayefuata. Viendelezi havifanyi kazi kwenye dirisha hilo mpaka uviruhusu mwenyewe. Katika Firefox, kiendelezi kina swichi yake ya kukubali kufanya kazi kwenye madirisha ya faragha, na Chrome nayo ina ruhusa kama hiyo ndani ya maelezo ya kila kiendelezi. Usipoiwasha utaona matangazo yamejaa kwa mteja huku kwako yamekwisha, na utaanza kutilia shaka kizuizi bure. Ile hali ya mgeni ya Chrome ni tofauti tena: humo viendelezi havifanyi kazi kabisa. Kwa kompyuta zako, kwa hiyo, napendelea Firefox iliyowekewa uBlock Origin, ikaruhusiwa kwenye faragha, kisha njia ya mkato ya mezani ikaelekezwa kufungua dirisha la faragha moja kwa moja.

Yawezekana siku moja huduma fulani ikagoma. Novemba 2015 Yahoo iliwazuia baadhi ya watumiaji wa Marekani kufungua barua zao mpaka wazime kizuizi, na jambo kama hilo likitokea mbele ya mteja mwenye haraka usibishane na ukurasa; zima kizuizi kwa tovuti hiyo pekee, mchapie barua yake, kisha sasisha orodha za kizuizi baadaye.

Kuhusu kulipia, kijana wa kwanza hakudanganya. Yahoo ina huduma ya kulipia inayoondoa matangazo, Outlook huyaondoa kwa mwenye kulipia Microsoft 365, na akaunti za ofisi za Google Workspace hazina matangazo. Tatizo ni kwamba malipo hayo huhudumia akaunti iliyolipiwa, wala hayahusu kompyuta. Ukilipia anwani yako, mteja anayefungua yake ataendelea kuona matangazo yale yale. Kwako wewe ni fedha itakayopotea bure, labda kama unataka kuitumia kwa anwani ya biashara yenyewe, na hata hapo ipo njia bora.

Njia hiyo ni kuacha ukurasa. Matangazo ya pembeni na ya juu ya orodha ni ya ukurasa, hayamo ndani ya kikasha. Ukisoma barua kwa programu inayozichukua kutoka kwenye seva, matangazo hayo hayaji nazo. Thunderbird ni programu ya bure ya namna hiyo, toleo lake la kwanza kamili likiwa la mwaka 2004, na huunganishwa na Gmail, Yahoo na Outlook. Kwa Outlook huenda ukalazimika kwanza kuwasha ruhusa ya programu za nje kwenye mipangilio ya barua. Ina faida nyingine inayowafaa watu wa Kigoma, ambako mtandao hukatika siku za mvua: barua zilizokwisha kupakuliwa hubaki kwenye kompyuta, unaweza kuzisoma na kuandika majibu bila intaneti, kisha yakaondoka mtandao ukirudi. Usiichanganye na Outlook mpya inayokuja na Windows, kwa sababu hiyo nayo huwaonyesha matangazo wenye akaunti za bure. Thunderbird iwe kwa anwani ya steshenari yako tu. Kamwe usiingize humo akaunti ya mteja, maana barua zake zitabaki kwenye diski yako baada ya yeye kuondoka.

Matangazo yaliyomo ndani ya barua hayazuiliwi na chochote nilichotaja hadi sasa, kwa kuwa kwa kizuizi ni barua kama barua nyingine. Hapa swali ni kama mtumaji anajulikana. Akiwa ni kampuni halisi ambayo mteja aliwahi kujiandikisha kwake, atumie kiungo cha kujiondoa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa, ambao kwa Gmail ni wale wa barua 5,000 na zaidi kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na mara nyingi utaiona juu karibu na jina la mtumaji. Akiwa hajulikani, asibonyeze kitu ndani ya barua hiyo, hata hicho kiungo cha kujiondoa, kwa sababu kubonyeza humthibitishia tapeli kwamba anwani ina mtu. Aiweke kwenye barua taka (spam), basi. Inafaa pia kuzima upakuaji wa picha za nje katika mipangilio ya barua, ambako Gmail ina chaguo la kuuliza kwanza na Thunderbird huzizuia tangu mwanzo. Picha hizo hula bando, na baadhi yake ni nukta isiyoonekana iliyowekwa ili mtumaji ajue barua imefunguliwa lini.

Huenda ukashauriwa pia kubadilisha DNS ya ruta, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva yake, kwa mfano kuweka 94.140.14.14 na 94.140.15.15 za AdGuard. Ni nyongeza nzuri, inagusa kila kifaa kilichounganishwa, simu zikiwamo. Kwa barua pepe usitegemee mengi, kwa sababu DNS huzuia seva nzima, na tangazo linalotoka kwenye seva ile ile inayoleta barua haliwezi kuzuiliwa bila kuzuia barua.

Na kosa? Unapozuia tangazo, unachofanya ni kukiagiza kivinjari chako kisipakue sehemu fulani ya ukurasa. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ililiamua suala hilo mwaka 2018 kwa upande wa sheria ya ushindani wa biashara, kampuni ya magazeti ilipowashtaki wenye kizuizi cha Adblock Plus, na kampuni hiyo ilishindwa. Kwa hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ujumbe usioombwa, lakini inamwangalia anayeutuma, si anayekataa kuuona. Masharti ya huduma husika ni jambo jingine. Mwenye huduma anaweza kukataa kuonyesha ukurasa, kama Yahoo ilivyofanya. Binafsi, kwenye tovuti za magazeti ninayoyasoma huzima kizuizi, kwa sababu waandishi nao wanakula kupitia hapo.

Wateja watakuuliza kwa nini kwako barua zao ni safi na kwenye simu zao matangazo yapo. Mwenye Gmail mwonyeshe kwamba hata kwenye programu ya simu anaweza kuingia kwenye mipangilio ya akaunti yake na kuondoa aina za kikasha, sawa na kwenye kompyuta. Mwenye Yahoo mweleze kwamba Chrome ya Android haikubali viendelezi, hivyo afungue barua zake kupitia Firefox ya simu, ambayo inakubali uBlock Origin, au aweke Thunderbird ya Android, iliyotoka mwaka 2024, na kuiondoa programu ya Yahoo.